Papa Neema, kuhusu vidanji (kubadilisha mafuta ya injini) ya ile Toyota Ist

Bukavu, Jumapili jioni

Papa Neema, rafiki yangu,

Salamu kutoka huku mlimani. Sisi wote wazima. Mama Ushindi anakusalimu, watoto wanakula kama nzige, na mvua haitupi nafasi. Jana uliponiuliza habari za vidanji, simu ilikatika pale pale nilipokuwa nafika kwenye utamu. Nikapiga tena mara tatu, wapi. Basi nikaona bora niandike. Mdogo wake Mama Ushindi anashuka Uvira kesho asubuhi, atakufikishia bahasha hii mkononi.

Kwanza pongezi kwa gari. Nimecheka peke yangu, maana sasa tuko mapacha: Ist kwa Ist, usukani upande wa kuume, sauti ya mwanamke wa Kijapani inayokusalimu kila ukiwasha, na kitabu ambacho hakuna padri wala profesa hapa mjini anayeweza kukisoma.

Sasa swali lako: mtu anaokoa pesa kweli akifanya vidanji nyumbani? Sitakudanganya. Mkono wa fundi huku si ghali. Mimi nilikuwa nalipa dola 5, au 6 akiona nina haraka. Kwa hizo 5 peke yake nisingekubali kulala chini ya gari. Kilichonitoa garajini ni filtri, lile chujio la mafuta.

Mwaka juzi nilianza kuwa na mashaka. Kila mara nikiuliza filtri ya zamani iko wapi, jibu ni lile lile: "Papa, tumeshatupa." Siku moja kabla ya kwenda nikachukua rangi ya kucha ya Mama Ushindi, ile nyekundu ya harusi, nikaingia chini nikaweka tone moja kwenye filtri, upande usioonekana ukiwa umesimama. Nikaenda, nikalipa dola 42: mafuta 30, filtri 7, mkono 5. Nikarudi nyumbani, nikalaza mgongo chini, nikamulika na simu. Filtri inang'aa, imepanguswa kwa esansi (petroli) vizuri kabisa. Na tone langu jekundu liko pale pale, linaniangalia.

Sikurudi kugombana. Yule kijana ana watoto, na mimi ushahidi wangu ni rangi ya kucha. Lakini toka siku hiyo hakuna mtu mwingine amegusa buloni, ile bolti ya kumwagia mafuta.

Hesabu yangu ya leo ni hii. Bidoni (dumu) ya mafuta ya lita 4 nainunua mwenyewe mjini kwa 24, filtri 5, rondeli (ile pete bapa ya buloni) na vitambaa 1. Jumla 30, yaani 12 chini ya zile 42 za garajini. Natembea kama kilomita 15,000 kwa mwaka na nabadilisha kila 5,000, kwa hiyo mara tatu; 12 mara tatu ni 36. Si pesa ya kujenga nyumba, lakini inanunua vitabu vya shule vya Ushindi. Na usisahau mabaki: injini yetu, kama yako ni aina ya 1NZ kama yangu, inakunywa lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filtri. Garajini unalipa lita 4, zile desilita 3 zinalala huko. Kwangu zinakaa kwenye chupa nyuma ya kiti, za kuongezea.

Kwa nini 5,000? Toyota wenyewe huko Japani, kwa gari ya esansi isiyo na turbo, wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa gari inayoteswa wanakata nusu: 7,500 au miezi 6. Sasa wewe niambie kama kuna gari duniani inayoteswa kuliko inayopandisha mlima wa Ngomo na mizigo, vumbi likiingia kila tundu. Fundi atakwambia 3,000. Ni biashara yake. Mimi nimechagua 5,000 na kijiti cha kupimia hakijanilaumu. Fungua mlango wa dereva uangalie pembeni: yangu ilikuja na kikaratasi cha Kijapani kimebandikwa hapo, namba tu ndizo nilizoweza kusoma, kilomita na tarehe ya vidanji ya mwisho. Nimebandika changu juu yake.

Kazi yenyewe haizidi saa moja, na nusu yake ni kusubiri. Shida ya Bukavu ni kupata mahali sawa. Unakumbuka kiwanja chetu, ukidondosha chungwa mlangoni unalifuata hadi kwa jirani. Gari ikiinama, mafuta machafu hayatoki yote, na kijiti kinakudanganya. Kriki (jeki) peke yake usiithubutu, Papa Neema. Usiingie hata mkono chini ya gari iliyosimama kwenye kriki, wajane wa kriki wapo. Mimi nimepigilia mbao nene tatu tatu, zimekuwa kama ngazi fupi mbili pana. Nageuza pua ya gari kwenye mteremko, napandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao taratibu, Mama Ushindi akiniongoza kwa mkono, halafu gia kwenye P, breki ya mkono, na mawe makubwa mbele ya kila gurudumu. Mteremko unaondoa, mbao zinarudisha, gari inakuwa sawa na mimi napata nafasi ya kuingia. Napima kwa chupa ya maji nusu, nailaza kwenye kizingiti cha mlango: maji yakitulia katikati, naanza. Wewe huko Uvira kwenye bonde la Ruzizi ardhi imenyooka kama meza. Tafuta tu mahali penye shimo la kazi, au mtu mwenye ngazi za chuma, akuazime.

Washa injini dakika tano hadi kumi kwanza, mafuta yawe vuguvugu, yashuke na uchafu wake. Yasiwe ya moto wa kuchoma. Chini utaona karteri, ile bakuli ya chuma, na buloni yake. Spana namba 14. Ukiwa umelala chali, kulia na kushoto vinabadilishana kichwani, kwa hiyo vuta pole ujue kweli unafungua. Mizunguko ya mwisho malizia kwa vidole, ukiisukuma buloni juu kidogo, kisha uitoe kwa ghafla na mkono ukimbie. Beseni langu ni bidoni ya njano ya lita 20, nimeilaza na kukata ubavu mmoja. Inameza yote bila kurusha. Vaa glavu, hata za nailoni za dukani. Mafuta yaliyozeeka si rafiki wa ngozi.

Filtri ikikataa kufunguka, funga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kinashika kuliko mkono. Na hapa, tafadhali, soma mara mbili, maana ndipo nilipolipa karo.

Mara yangu ya kwanza filtri ya zamani ilitoka, lakini mpira wake wa duara ulibaki umegandama kwenye injini, mweusi juu ya mweusi. Sikuuona. Nikafunga mpya juu yake, nikajaza mafuta, nikawasha kwa maringo. Ushindi alikuwa amechuchumaa pembeni anaangalia. Sekunde tatu hazikuisha, akasema kwa utulivu kabisa: "Papa, gari inakojoa." Mipira miwili haikai pamoja, pampu ikisukuma, mafuta yanatafuta njia. Nikazima haraka, injini ikapona, lakini mafuta mengi yalikuwa yamelala juu ya udongo. Nikaenda kununua nyingine. Kwa hiyo vidanji yangu ya kwanza ya kuokoa pesa ilinigharimu dola 54, na Mama Ushindi hajaisahau mpaka leo, kila nikitaja neno "kuokoa" anaangalia dari.

Basi: ukitoa filtri, geuza uangalie kama mpira wake umekuja nayo. Pangusa uso wa injini kwa kitambaa, pitisha kidole. Paka mpira wa filtri mpya tone la mafuta safi, funga kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Bila spana. Buloni nayo usiikomalie kama unafunga daraja. Meno yakiliwa, utalilia karteri mpya. Rondeli mpya kila mara. Jaza lita 3 na nusu, washa dakika moja, chungulia chini, zima, subiri kama dakika tano, pima, ongeza kidogo kidogo. Ukipita alama ya juu umejitafutia kazi ya kutoa.

Kuhusu aina: utasikia wanaume wa Uvira wakikwambia, joto letu linataka mafuta mazito, chukua 20W-50. Waache. Injini hii imetengenezwa kwa nyepesi, 5W-30. Ile namba yenye W ni ya kuwasha kwenye baridi. Ya pili ndiyo uzito wake injini ikiwa moto, na injini ikishapata moto haijui kama uko Uvira au Bukavu. Mazito yanaifanya ipumue kwa shida na kunywa esansi. Gari ikija kuanza kula mafuta kwa uzee, hapo tutazungumza upya. Na usinunue ya kupima kutoka kwenye pipa. Nunua bidoni iliyofungwa, angalia pete ya kifuniko kama haijakatwa na kurudishwa.

Mafuta machafu mimi narudisha kwenye bidoni tupu. Jirani yangu mwashi anayapenda, anapaka mbao za kofraji, zile za kumwagia zege, simenti isishike. Zamani watu wa hapa walikuwa wanamwaga tu kwenye mfereji, na mfereji wetu unajua njia moja, ziwani, pale pale akina mama wanapochota maji. Nimegombana na mtu mmoja kwa hilo na bado hatusalimiani vizuri. Sijali.

Ndani ya bahasha nimeweka rondeli mbili za buloni, nimezifunga kwenye karatasi ya daftari la Ushindi. Ni za kipimo chako, usizitafute mjini. Ya pili ni akiba, maana ya kwanza utaidondosha kwenye beseni, wote tunadondosha. Malipo yake ni ndagala (dagaa) kavu, kifurushi kimoja tu, mpe mdogo wake Mama Ushindi akirudi Alhamisi. Huku sambaza, dagaa zetu za Kivu, zimepanda bei, na watoto wamechoka sombe (kisamvu).

Msalimie Mama Neema sana. Siku ukianza kazi nitumie picha kabla hujawasha.

Ndimi wako,
Papa Ushindi