Binti ami, kabla hujaamua kurudi chuo cha uuguzi

Binti ami,

Asalaam aleikum. Nakuandikia mbele ya watu kwa kuwa hapa Lamu wameshakujadili vya kutosha barazani, na wengi wao hawajawahi kukesha wadini hata usiku mmoja. Jina lako silitaji.

Mama yako anataka urudi kwa sababu amechoka kuulizwa harusini, "Mtoto anamaliza lini?" Hiyo ni sababu yake. Shoga zako wanasema manesi wamejaa mitaani bila kazi, na hapo hawakukosea sana: wako waliomaliza diploma, leseni wanayo, na bado wanangoja kaunti itangaze nafasi. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma tangu Juni mpaka Novemba. Basi usirudi kwa kudhani mshahara unakungoja mlangoni.

Lakini uliacha kwa nini? Watu unawaambia karo. Sikatai, baba yenu alipofariki kila mtu aliona mlivyobanwa. Ila karo ina pa kuanzia: wanafunzi wa KMTC, vyuo vya tiba vya serikali kama chako, nao huomba mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, na basari zipo, japo hazitoshi na zina mizunguko yake. Likizo ile ya mwisho hukunitajia karo. Ulinitajia mama wa Kizingitini, kule kisiwani Pate.

Ulisema alipewa rufaa aletwe hospitali, mashua ikakwama kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, wakangoja yajae. Alipofikishwa wadini damu ilikuwa bado yatoka. Wewe, mwanafunzi, ukatumwa huku na huku, na asubuhi ukaambiwa, "Kazi ndiyo hii, zoea." Ulinisimulia huku unakuna nazi, wala hukuinua uso.

Kama ni hilo lililokutoa, karo ikilipwa yote leo utarudi na utaacha tena. Kuvuja damu baada ya kuzaa ni katika mambo yanayoua wazazi wengi zaidi duniani, na mzazi wa Pate huongezewa bahari juu yake. Diploma ile ina ukunga ndani, leba huwezi kuikwepa hata kama nia yako ni kuishia kwenye kliniki ya chanjo. Kuhusu kuzoea, mimi nina shaka na nesi aliyezoea. Tafuta mmoja wa wale wakongwe, umuulize yeye hufanya nini akirudi nyumbani baada ya usiku kama ule. Wapo wanaosema kweli ukiwakuta nje ya zamu.

Jambo jingine, na hili limenishangaza: mnabishana nyumba nzima, na hakuna aliyeuliza chuo. Kuahirisha masomo kwa barua na kutoweka ni vitu viwili, nawe ulitoweka. Mwandikie msajili. Uliza jina lako limeandikwaje kwenye kumbukumbu zao, kama namba yako ya mwanafunzi kule Baraza la Wauguzi bado inatumika, kama alama zako zitahesabiwa, na kama utaingia mwaka wa pili au utaanza upya. Kumalizia kilichobaki ni uamuzi mmoja. Kuanza upya miaka mitatu ni mwingine kabisa, na huo ukiukataa nitakuwa upande wako, hata mbele ya mama yako.

Ukiniuliza dhana yangu, nadhani moyo wako haujatoka. Mtoto wa jirani alipopata degedege mtaa mzima ulikukimbilia wewe. Ukamlaza ubavu, ukamlegeza nguo, ukamzuia bibi yake asimtie kijiko mdomoni, ukaagiza apelekwe hospitali. Hilo halithibitishi kitu, najua. Mtu aweza kuijua kazi na asiitake.

Ile barua iandike mwenyewe, usimwachie kaka yako, yeye ataweka maneno ya kuomba huruma tu. Sababu zako ziseme kama zilivyo, na karo na lile la wadini. Ukitaka niipitie kabla hujaituma, njoo Ijumaa baada ya sala, nitakuwepo.