Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Vifaru Wameongezeka, Ardhi Haijaongezeka

Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, pamoja na orodha ya ada zilizochelewa, kwa hiyo huko siingii. Mwaka huu nina neno moja: nafasi ya vifaru kuishi.

Wakongwe wa chama wanakumbuka tulikotoka. Karibu mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400, ikabidi wakusanywe katika maeneo yenye ua na ulinzi mkali, kama Ngulia kule Tsavo Magharibi, iliyoanzishwa 1986. Leo wamefika kama 1,000. Shida ni kwamba ua uliowafaa wachache umewabana wengi. Madume wakibanana hupigana, mara nyingine hadi kufa. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka, kama miezi 15 au 16, na malisho yakiwa haba hukawia kushika nyingine. Hivyo eneo linaweza kudorora bila jangili hata mmoja kutia mguu.

Ndiyo maana habari kubwa ya mwaka kwangu ni hifadhi ya Loisaba, Laikipia. Mapema 2024 vifaru weusi 21 walihamishiwa huko kutoka Mbuga ya Nairobi na hifadhi za Ol Pejeta na Lewa, mahali ambapo hawakuwa wameonekana kwa takriban miaka 50. Asiyewahi kuona kazi hiyo asidhani ni kupakia ng'ombe. Daktari hupiga mshale wa dawa kutoka kwenye helikopta. Mnyama akilala hufungwa macho na kumwagiwa maji asipatwe na joto. Hapo mmoja anasikiliza pumzi, mwingine anakata alama masikioni, mwingine anatoboa pembe kutia kifaa cha kumfuatilia. Kisha hudungwa dawa ya kumwamsha, na watu wajihadhari.

Kuhamisha bila utafiti ni hatari. Mwaka 2018 vifaru 11 waliopelekwa Tsavo Mashariki walikufa wote, wengi wao kwa sababu ya maji yenye chumvi nyingi. Maji hayo yalipaswa kupimwa na kueleweka kabla lori la kwanza halijaondoka. Nasema haya kwa sababu kuna wanaoona vipimo vya maji na udongo ni kazi isiyo na picha nzuri ya kuwaonyesha wafadhili. Ni kweli, haina.

Mmeniuliza sana kuhusu Najin na Fatu, majike wawili wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, walioko Ol Pejeta. Januari 2024 watafiti walitangaza kwamba kiinitete (mimba changa kabisa) cha kifaru mweupe wa kusini, kilichotengenezwa maabara na kupandikizwa kwa jike, kilishika kwa mara ya kwanza. Jike aliyekibeba alikufa kwa maambukizi ya bakteria, mimba ikiwa na siku 70. Hata hivyo njia hiyo, inayotarajiwa kutumika pia kuwaokoa wale wa kaskazini, imeonekana kuwa inawezekana. Nawapongeza, ila mfuko wetu ni mdogo na maabara zile zina wafadhili wao.

Kamati inapendekeza fedha za mwaka ujao ziende kwenye kupima maji na kufundisha vijana wa jamii za wafugaji kutambua vifaru kwa alama za masikio. Wenye maoni tofauti waandikishe majina kwa Katibu; kura tutapiga baada ya chai.