Tetemeko dogo tulisikilize kutoka chini kwenye mwamba

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Ardhi ikitikisika kidogo tu huku Kagera, magrupu ya WhatsApp yanajaa "mmesikia hiyo?", baada ya dakika kumi imeshasahaulika, na hapo ndipo tunapopoteza, maana hayo madogo ndo yanayoonyesha ufa, yaani mpasuko wa miamba ardhini, umepita wapi na umelalaje huko chini.

Angalieni Parkfield, kijiji kidogo cha California kilichokaa kwenye ufa wa San Andreas. Tetemeko la ukubwa wa 6 hivi limepiga pale 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Miaka ya 1980 wataalamu wakachimba visima wakashusha vipima tetemeko ndani, kifupi mita 60 na ushee, kirefu kama mita 570. Kwanini wahangaike hivyo? Huku juu ni kelele tupu, lori likipita, upepo ukitikisa miti, ng'ombe wakitembea, kipima kinanasa vyote, halafu udongo wa juu ni laini unameza ile mitetemo ya harakaharaka ambayo ndo sauti yenyewe ya tetemeko dogo. Kwenye mwamba mgumu kumetulia, wananasa mpaka yenye ukubwa chini ya sifuri (kipimo cha ukubwa kinashuka mpaka huko), ambayo hata ukisimama juu yake hushtuki.

Kujua limetokea wapi sio uchawi. Linafika wimbi la kwanza, la pili linachelewa, na kila sekunde ya kuchelewa ni kama kilomita 8 kutoka kwenye chanzo, sasa ukiwa na visima kadhaa kuzunguka ufa unakutanisha hizo umbali unapata mahali na kina chake. Matetemeko yanayofanana wakiyalinganisha wanapanga mahali yalipotokea kwa tofauti ya makumi ya mita tu, na wameshaona kipande kilekile cha ufa kikirudia tetemeko lilelile miaka nenda miaka rudi. Hili lilinishangaza sana.

Sisemi vipima hivi vinatabiri tetemeko. Pale Parkfield walitegemea kubwa lije kabla 1993 haijaisha, likaja 28 Septemba 2004, tena likaanzia upande ambao hawakuutegemea. Ila vipima vilikuwa tayari viko chini vinarekodi.

Sisi tarehe 10 Septemba 2016 tulipigwa na la 5.9, nyumba zikaanguka, watu wetu wakafa. Ombi langu kwa wahusika ni dogo tu, visima vya maji vinachimbwa kila siku na vingine vinakosa maji vinafukiwa, jamani kabla ya kufukia waitwe watu wa jiolojia wakiangalie, kama kimefika kwenye mwamba mzuri kiwekewe bomba, kishushwe kipima, na data ziwe wazi kwa vyuo vyetu.

Msomaji wako,
Bukoba