Mchawi wa kweli hatapanga foleni ya leseni

Mhariri,

Nakuandikia kutoka Kondele hapa Kisumu, na pengine utacheka, lakini hii maneno imeleta ubishi wa wiki mbili kwangu mpaka mke wangu akatwambia tukabishanie nje. Kijana wa dadangu ako kidato cha tatu na anaandika riwaya ya nchi yake ya kubuni, anaiita Nchi ya Upepo Saba. Huko kila kijiji kina watu wamezaliwa na nguvu, mwingine anaita mvua, mwingine anatuma radi, mwingine anatembea usiku na hakuna mbwa anabweka. Sasa amefika sura ya tano akakwama kwa serikali. Hawa watu watawekewa sheria gani, na nani ataisimamia?

Yeye alikuwa ashaamua. Kila mwenye nguvu ajiandikishe, apewe kitambulisho chekundu, alipe leseni kila mwaka, halafu kuwe na askari maalum wenye uchawi kuliko wachawi wote. Nikamwambia hiyo ni sheria ya kukusanya pesa, si ya kushika mchawi. Mama anayetibu watoto tumbo ndio atakuwa kwa foleni saa kumi na mbili asubuhi na fotokopi mkononi, yule wa kutuma radi atakaa kwake ametulia anakunywa chai. Si tunaona kwa bodaboda, wenye wamelipa kila kitu ndio wanasimamishwa kila siku, wenye hawana hata namba ya pikipiki wanapitia nyuma ya soko. Na Gor Mahia mwenyewe, yule mganga wa Kanyamwa ambaye timu ya mpira imebeba jina lake, unamnyima leseni aje na mji mzima uko barabarani na jezi za kijani? Halafu hao askari wake, wakikosa watashikwa na nani? Sisi hapa polisi ni watu wa kawaida wa kula ugali na bado ilibidi tuwe na IPOA, ile mamlaka ya kuchunguza polisi, sasa huyu wa kwake ukimwita kujibu mashtaka anageuka moshi.

Akaniambia, "Anko, hii ni stori tu."

Ni stori, sawa, lakini watu wa huku wameshaishi ndani yake. Mwaka 1934 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha waganga na watabiri iliowaita Walaibon, ikang'oa ukoo wa Talai kule Kericho, wazee na watoto wao, ikawapeleka Gwassi huku kando ya ziwa penye mbung'o na malaria. Mtoto wa miaka mitatu hakuwa ametabiri chochote, kosa lake ni kuzaliwa kwa ukoo wa orkoiik, yaani hao watabiri. Ndio maana hicho kitambulisho chekundu mimi sikitaki hata kwa riwaya. Ukishakuwa na daftari la majina na koo, siku wakubwa wakiogopa wanajua lori liende wapi.

Huyo huyo mkoloni lakini kuna mahali alipatia kidogo. Ile sheria ya uchawi ya 1925 haijisumbui kuuliza kama uchawi uko ama hauko, inamshika mtu anayejifanya ana nguvu ili awatie wengine hofu ama awaumize. Na inaendelea mbele, ukimwita mtu mchawi huko nje wewe ndiye mkosaji, kama una shida mpeleke kwa chifu ama polisi. Kijana hakuwa anajua hiyo, alinyamaza kabisa, na si kawaida yake.

Shida ni kwamba karatasi haizimi moto. Mei 2008 huko Kisii watu 11, wengi wao wazee, walichomwa na umati ati ni wachawi. Oktoba 2021, Marani, huko huko Kisii, wakauawa akina mama wanne, na hii sheria ilikuwa kwa vitabu miaka yote hiyo. Kwa hivyo mimi ningekuwa waziri wa Upepo Saba, kikosi changu cha uchawi kingekuwa na kazi ya kwanza moja, kufika kwa mlango wa anayeshukiwa kabla umati haujafika na petroli. Kushika mwenye radi baadaye. Hata kama ni kweli alituma hiyo radi! Asimame mbele ya hakimu, na kesi iwe ni ng'ombe waliokufa na ushahidi ni upi, si macho yake mekundu ama nyanya yake alikuwa nani.

Wakimbiaji wa usiku, wale wa kuzunguka gizani wakitisha watu, wasitupotezee muda. Kutupa mchanga kwa mabati ya watu ni kelele, wapelekwe kwa watu wa mazingira kama baa za pombe zenye kelele.

Mvua ndio kazi. Wazee wa Nganyi, ukoo wa waita mvua kule Bunyore, wamekaa meza moja na idara ya hali ya hewa, wao wanaangalia miti na wadudu na upepo, wale wengine wana mitambo, wanatoa utabiri pamoja, na hakuna aliyefungwa. Lakini kule Upepo Saba mvua inatii kweli kweli, na hapo ndipo shida inaanza, kwa sababu maji hayakai mlimani. Yakinyesha juu, mto Nzoia unafurika Budalang'i, mto Nyando unaingia nyumba za watu Kano, na wingu ulilolivuta kuja kwako kuna mtu alikuwa analingoja kwa mahindi yake. Ndio nikasema kibali kiwe cha mvua yenyewe, kisiwe cha mtu, kama vile unaomba kibali cha kuvuta maji ya mto: sema unataka kiasi gani, wapi, lini, na walio chini waulizwe kwanza. Ukiita bila kibali unalipa, uwe mzee wa ukoo mkubwa ama mama wa mboga aliyejaribu tu.

Hiyo ya mvua ameikubali, ameiandika sura ya sita. Ya askari kulinda mshukiwa amekataa, anasema sasa vita vitatoka wapi, nikamwambia asimame yeye mlangoni usiku na umati unakuja aone kama hakuna vita. Bado anafikiria. Kimetushinda wote wawili kitu kimoja: aliyepewa kibali cha nusu saa, mvua ikakataa kusimama ikanyesha siku mbili, mbuzi waliosombwa huko chini wanalipwa na yeye ama na ofisi iliyopiga muhuri? Wasomaji wako wa Budalang'i wakiwa na jibu waandike, kijana anangoja.

Anko,
Kondele, Kisumu