Vita vya Athens na Sparta havikupiganwa katika karne ya 12

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ambayo kwa muda sasa imekuwa ikizunguka katika simu za vijana wetu, na ambayo hatimaye nimeisikia ikirudiwa darasani na wanafunzi wangu wa kidato cha tano kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Inadaiwa kwamba historia ya kale tunayoifundisha ni historia ya zama za kati iliyonakiliwa na kusukumwa nyuma: kwamba Vita vya Troya ni kumbukumbu ya mapigano ya Vita vya Msalaba kuzunguka mji wa Konstantinopoli, kwamba Athens na Sparta, miji miwili ya Ugiriki ya kale, zilipigana katika karne ya 11 au ya 12 baada ya Kristo, na kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyomo vitabuni haikuwahi kuwapo. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wewe umejuaje kwamba vita hivyo vilianza mwaka 431 kabla ya Kristo?" Siku ile sikumjibu kwa namna iliyonitosheleza mimi mwenyewe, na kwa kuwa swali lake ni swali zuri, nimeona jibu lake niliandike mahali ambapo na wengine watalisoma.

Dhana hii ni ya zamani kuliko simu. Jean Hardouin, padri Mjesuiti aliyefariki mwaka 1729, alidai kwamba sehemu kubwa ya maandiko ya Kigiriki na ya Kirumi ilitungwa na watawa wa zama za kati. Baada yake alikuja Nikolai Morozov, mwanamapinduzi wa Urusi aliyekaa kifungoni zaidi ya miaka 20 akisoma na kupiga hesabu za nyota, na leo bingwa wake ni Anatoly Fomenko, mwanahisabati wa chuo kikuu cha Moscow aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye kazi yake katika jiometri inaheshimiwa na wenzake. Nataja heshima hiyo kwa makusudi. Mtu wa namna hiyo hajibiwi kwa kubezwa, hujibiwa kwa kupimwa hoja zake, na katika suala la Athens na Sparta hoja yake kuu imeegemea nguzo moja, nayo ni kupatwa kwa jua.

Thucydides, jemadari wa Athens aliyeandika habari za vita alivyoviishi, anataja matukio matatu ya angani. Katika kiangazi cha mwaka wa kwanza wa vita, mwezi ukiwa mchanga, jua lilipatwa baada ya adhuhuri, likawa kama hilali, baadhi ya nyota zikaonekana, kisha likarudia umbo lake. Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka wa nane sehemu ya jua ilipatwa tena. Katika mwaka wa 19, majeshi ya Athens yakiwa yamepiga kambi mbele ya mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sisilia, mwezi mpevu ulipatwa usiku. Kwa hiyo kati ya tukio la kwanza na la pili kuna miaka 7, na kati ya la pili na la tatu miaka 11. Wanafalaki wakirudisha hesabu nyuma wanayapata yote matatu kwa mfuatano huo huo: tarehe 3 Agosti 431, tarehe 21 Machi 424 na tarehe 27 Agosti 413, zote kabla ya Kristo.

Fomenko, akimfuata Morozov, anakataa. Anasema kupatwa kwa mwaka 431 kulikuwa kwa pete, yaani ukingo wa jua ulibaki uking'aa kuuzunguka mwezi, tena pale Athens hakukulifunika jua lote, na kwa kuwa nyota zilionekana basi ni lazima tukio lenyewe lilikuwa la giza kamili. Kwa sababu hiyo ametafuta matukio mengine matatu yenye mwachano wa miaka 7 na 11, akayapata katika miaka ya 1133, 1140 na 1151, au vinginevyo 1039, 1046 na 1057, akavihamishia vita huko.

Msomaji asiye mwanahisabati anaweza kuipima hoja hii mwenyewe, kwa sababu jibu limo ndani ya maneno ya shahidi. Jua likifunikwa lote halionekani kama hilali. Linazimika, na anayelitazama huona duara jeusi lenye mwanga hafifu kandokando yake. Thucydides anasema lilifika kwenye hilali kisha likarudi, yaani ametueleza waziwazi kwamba halikufunikwa lote, na hivyo ndivyo hesabu ya mwaka 431 inavyosema, kwamba pale Athens jua lilifunikwa kwa karibu sehemu tisa katika kumi. Kuhusu nyota, tukumbuke kwamba Wagiriki walizihesabu sayari miongoni mwa nyota, kama sisi tunavyoiita Zuhura nyota ya alfajiri hadi leo, na Zuhura huweza kuonekana jua likiwa limefunikwa kiasi hicho. Inawezekana pia kwamba aliposema "baadhi ya nyota" alitia chumvi kidogo. Lakini anayelishika neno moja la shahidi na kulitupa jingine lililomo katika sentensi ile ile hajamsikiliza shahidi huyo.

Tuikubali kwa muda tu hesabu ya Fomenko, tuone inatufikisha wapi. Kupatwa kwa mwezi kule Sisilia kulikuwa na matokeo makubwa. Jemadari Nicias alikuwa tayari kuondoa majeshi yake, lakini wapiga ramli walimshauri angoje mara tatu siku tisa, naye akangoja. Kungoja huko kuliwaangamiza: merikebu zilipotea, majemadari waliuawa, na mateka wasiopungua 7,000 waliteremshwa katika machimbo ya mawe ya Syracuse, ambako wengi walikufa kwa njaa, kiu na maradhi. Kama haya yalitokea mwaka 1151, basi yalitokea katika ufalme wa Roger wa Pili, aliyetawala Sisilia kutoka Palermo tangu mwaka 1130 hadi alipofariki mwaka 1154, wakati Athens ulikuwa mji mdogo chini ya mfalme wa Konstantinopoli. Katika miaka hiyo vita baina ya pande hizo mbili vilikuwapo kweli, lakini vilielekea upande wa pili: mwaka 1147 ni merikebu za Sisilia zilizokwenda kuishambulia Ugiriki, zikaiteka Korfu, zikapora Thebes na Korintho, zikarudi na wafumaji wa hariri. Na tukiuchukua mwaka wake mwingine, 1057, tutaikuta Syracuse ikiwa mikononi mwa watawala Waislamu, kabla ya Wanormani, watu wa ukoo wa Roger, kuvuka bahari.

Tena katika jumba la Roger palikuwa na mtu ambaye sisi wa pwani tunamfahamu, Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kazi yake kubwa mwaka 1154. Ndani yake aliieleza nchi ya Zinji akaitaja Malindi na chuma chake, ingawa hakuwahi kufika huku, na miji ya Sisilia aliyokuwa akiishi miongoni mwake aliieleza mmoja baada ya mwingine, Syracuse ikiwamo. Je, mtu aliyekuwa na habari za chuma cha Malindi angekosa habari za maelfu ya Wagiriki waliokufa katika machimbo ya mji uliokuwa ndani ya ufalme uleule aliokuwa akiuandikia, miaka mitatu tu kabla ya kuweka kalamu chini?

Nimeambiwa kwamba haya yote ni vitabu, na vitabu huweza kughushiwa. Ni kweli. Watetezi wa dhana hii humlaumu hasa Joseph Scaliger, mwanachuoni aliyepanga mfuatano wa miaka ya kale katika kitabu cha mwaka 1583, wakisema kwamba miaka hiyo aliibuni na dunia ikamwamini. Basi naomba tuondoke kwenye vitabu twende kwenye udongo. Katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London kuna vibao vya udongo kutoka Babeli, vilivyoandikwa kwa mwandiko wa kikabari, wa alama zenye umbo la kabari, na makuhani waliokuwa wakikesha wakitazama anga, usiku baada ya usiku, na kuandika mwezi umekuwaje, sayari ziko wapi, bei ya shayiri ni kiasi gani na mfalme amepatwa na nini. Kibao kimoja kinasema kwamba tarehe 13 ya mwezi wa Ululu mwezi ulipatwa, na kwamba tarehe 24 majeshi ya mfalme yalishindwa vibaya. Mfalme huyo ni Dario wa Tatu wa Uajemi na vita hivyo ni vya Gaugamela, alivyoshinda Aleksanda Mkuu. Plutarko, aliyeandika kwa Kigiriki na asiyeujua mwandiko wa Babeli, anasema majeshi yalitazamana usiku wa 11 baada ya mwezi kupatwa. Hesabu za wanafalaki nazo zinautia mwezi gizani tarehe 20 Septemba 331 kabla ya Kristo, na siku 11 baadaye ni tarehe 1 Oktoba.

Scaliger alifariki mwaka 1609, na wakati huo hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyeweza kuusoma mwandiko wa kikabari. Ilikuwa mwaka 1857 ndipo wataalamu wanne walipopewa maandishi yaleyale kila mmoja peke yake, na tafsiri zao zikalingana kiasi cha kuwaridhisha wasomi kwamba mwandiko huo umefumbuliwa. Scaliger asingeweza kuvighushi vibao asivyoweza kuvisoma, vilivyokuwa chini ya ardhi ya Iraki. Na kutoka Gaugamela kurudi hadi mwanzo wa vita vya Athens na Sparta ni miaka 100 kamili, ambayo Waathene waliihesabu kwa majina ya maarkoni wao, afisa mmoja kwa kila mwaka. Anayetaka kuvisukuma vita hivyo mbele kwa miaka elfu na mia tano lazima aiburute na Babeli pamoja navyo, pamoja na mwezi wake na sayari zake, na anga halikubali.

Naelewa kwa nini vijana wetu wanavutwa na hoja hii, wala siwalaumu. Wamefundishwa, na ni kweli, kwamba wageni waliandika historia yetu kwa upotofu. Kwamba kwa miongo mingi iliandikwa kuwa miji ya pwani hii ilijengwa na watu waliotoka nje na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Mtu aliyedanganywa kuhusu nyumba yake ana haki ya kushuku habari za nyumba ya jirani. Lakini tutazame upotofu ule ulirekebishwaje. Wachimbuaji waliingia Shanga, katika kisiwa cha Pate, wakateremka tabaka baada ya tabaka mpaka wakakuta makazi ya karne ya 8 na alama za nguzo za msikiti mdogo wa miti chini ya misikiti ya mawe iliyoufuata. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe, brashi na subira, na ilituongezea karne. Dhana ya Fomenko inaziondoa karne kwa kila mtu, kisha inazikabidhi kwa dola moja kubwa ya Urusi na Watatari inayodaiwa kuitawala karibu dunia yote. Sioni ukombozi wowote wa Mwafrika katika mpango huo.

Inatugusa kwa karibu zaidi ya hapo. Fomenko na mwenzake Gleb Nosovsky wameandika kwamba Yesu Kristo alizaliwa mwaka 1152 na akasulubiwa mwaka 1185 karibu na Konstantinopoli. Hapa Unguja, katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, pembeni mwa mihrabu, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, yanayosema kwamba msikiti uliamriwa kujengwa katika mwezi wa Mfunguo Pili wa mwaka 500 wa Hijria, ambao ni mwaka 1107. Kwa hesabu ya Fomenko, basi, watu wa Kizimkazi walikuwa wakisali katika msikiti wa Kiislamu miaka 45 kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa, wakati kalenda waliyoichonga ukutani inaanzia kuhama kwa Mtume aliyekuja baada yake. Sijui jiwe hilo nalo litasemwa lilighushiwa na nani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti likipokea makala za aina hii lisizikatae, bali lichapishe pamoja nazo maneno yenyewe ya mashahidi wa kale, hata yakiwa mistari minne tu, ili msomaji aweze kupima. Kwa upande wangu nimekwisha kuomba ruhusa ya uongozi wa shule na ya wazee wa msikiti, na mwezi ujao nitawapeleka wanafunzi wangu Kizimkazi wakausome mwaka ule kwa macho yao. Kiti cha mbele ndani ya gari nimemwekea yule aliyeniuliza swali.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Historia,
Unguja