Barua ya wazi kwa wazazi wetu walio Marekani: hesabuni miezi kabla ya kuhama jimbo

Ndugu zangu mnaolea watoto wanaokaribia kumaliza sekondari huko Marekani,

Nawaandikia kutoka Nairobi, na nimeudhika. Kila Agosti makundi ya familia kwenye WhatsApp hujaa: mtoto wa fulani amepata chuo Texas, karo imekuja maradufu, tumeni chochote kwa M-Pesa. Shangazi anayeuza mboga Gikomba anatoa mia mbili. Ukichunguza, shida yote imetokana na kalenda. Wazazi walihama mwezi usiofaa, na hakuna aliyehesabu.

Chuo kikuu cha umma huko kina karo mbili, ya mkaazi wa jimbo na ya mgeni, na ya mgeni mara nyingi huzidi mara mbili. Leseni mpya ya udereva haimgeuzi mtoto kuwa mkaazi. Texas hutaka mzazi anayemlea awe amejikita huko miezi 12 mfululizo kabla ya siku rasmi ya kuhesabu wanafunzi, ambayo katika muhula unaoanza Agosti ni siku ya 12 ya masomo. Chuo Kikuu cha California hutaka siku 366. Sasa mwangalieni muuguzi anayepata kazi Houston akahamia huko katikati ya Oktoba, mtoto akiwa mwaka wa mwisho wa shule. Siku ya kuhesabu inafika Septemba ya mwaka unaofuata, na ile miezi 12 imepungua kwa kama mwezi mmoja. Mtoto analipishwa kama mgeni. Kama familia ingeingia Houston mwanzoni mwa Agosti, isingekuwa hivyo.

Wengine hudhani wamepata njia ya mkato: wanamtanguliza mtoto peke yake kwa mjomba. Jamani! Mtoto anayetegemea wazazi kwa kawaida hupimwa kwa makao ya wazazi wake, na mjomba hata awe mkarimu vipi hahesabiwi.

Mkishachelewa, msikimbilie harambee. Ulizeni kama mtoto anaweza kuanza Januari, miezi ikishatimia. Au aanze katika komyuniti koleji, yaani chuo cha miaka miwili, ambako karo huwa nafuu, lakini kwanza pateni jibu la maandishi kutoka chuo kikuu anachokitaka kwamba masomo hayo yatakubaliwa. Shahada huhitaji krediti, yaani vipimo vya masomo yaliyokamilishwa, kama 120, na komyuniti koleji humfikisha karibu 60. Zikikataliwa 20, huo ni zaidi ya muhula mzima uliomwagika. Na hadhi ya mgeni haibadiliki yenyewe. Mtapeleka ombi kwa ofisi ya usajili kabla ya muhula, pamoja na mkataba wa nyumba, hati za mshahara na fomu za ushuru zenye tarehe. Wekeni karatasi hizo tangu siku ya kwanza.

Mengine kwa kifupi. Fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada wa fedha za masomo, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, lakini msaada wa serikali kuu haumfikii mwenye viza ya H-4 (ya familia ya mfanyakazi wa muda) au F-1 (ya mwanafunzi). Minnesota ina makubaliano ya kupunguziana karo ya ugeni na majimbo jirani ya Wisconsin, Dakota Kaskazini na Dakota Kusini. Huombwa, hayaji yenyewe. Vyuo binafsi havitofautishi majimbo. Anayesomea uuguzi ahakikishe programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo iliko.

Sisi wa huku pia tuna hatia. Kwenye kila arusi tunauliza, "Yuko chuo gani?" na mzazi anaona haya kutaja komyuniti koleji. Haya hiyo inawatia watoto wetu madeni.

Na mtoto mwenyewe, mmemuuliza? Ana miaka 17, anawaacha marafiki na walimu waliomjua miaka yote, na barua za walimu za kumpendekeza chuoni zinahitajika kabla walimu wapya hawajalijua jina lake. Aziombe kwa walimu wa zamani kabla hamjafunga vyombo.

Mzee wenu,
Nairobi