Oda ya korti ya watoto isibaki karatasi tu

Mhariri,

Kaka yangu ana oda ya korti ya watoto hapa Nairobi, inasema wazi kabisa mtoto awe kwake kila wikendi ya pili, lakini Ijumaa jioni akifika pale geti kwa mama wa mtoto anaambiwa mtoto ana homa, mara ameenda kwa shosho, mara simu imezimwa kabisa, anarudi na kile kibegi cha nguo alizomnunulia. Wakili akapeleka maombi ya kudharau korti, mama akapatikana na makosa, akaonywa, na wikendi iliyofuata ikawa ni yale yale.

Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sasa nani anaisimamia? Mimi sitaki mama afungwe jela, mtoto ndiye ataumia, ila korti iagize zile siku zilizopotea zifidiwe, na afisa wa watoto awepo mtoto akikabidhiwa. Na wababa wanaokwepa oda za matunzo pia wabanwe vivyo hivyo, maana hao nao wako wengi sana huku mtaani.

Msomaji, Nairobi